Kudanganywa na Kudanganyika: Msamiati wa Mtu Mwepesi wa Kusadiki, Ukitazamwa kutoka Ngamiani, Tanga

1.0 Utangulizi

Mtunga kamusi anayetafuta neno moja la Kiswahili la kumtaja mtu mwepesi wa kushawishiwa hulikosa. Badala yake hukuta maneno mengi yanayokaribiana: mjinga, mshamba, bwege, bendera, mfuata mkumbo, pamoja na mafungu kama "mwepesi wa kusadiki". Aghalabu maneno hayo huwekwa pamoja kana kwamba ni visawe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba si visawe, na kwamba tofauti zake zinagusa jambo zito: nani abebe lawama, aliyeshawishi au aliyeshawishika?

Mtaa wa Ngamiani, jijini Tanga, ni mahali pafaapo kuutazamia msamiati huu. Ujenzi wa reli ulianzia Tanga mwaka 1893, mwaka uleule mkonge ulipoingizwa nchini. Bandari, reli na mashamba vikavuta watu. Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wasegeju na Wazigua walikutana na watu waliotoka mbali zaidi, wakiwamo vibarua wa mkataba walioitwa manamba. Katika mtaa huo, ambao barabara zake hutajwa kwa namba, Kiswahili kilikuwa lugha ya kuwaunganisha. Wageni na wenyeji wanapokaa pamoja, swali la nani aaminiwe na nani asiaminiwe huwa la kila siku, na maneno ya kulizungumzia hupata kazi nyingi.

2.0 Kauli ya kutendeka

Kiswahili huieleza dhana hii kwa kitenzi zaidi kuliko kwa nomino. Chombo chake kikuu ni kauli ya kutendeka. Tazama mifano ifuatayo:

(1) Kijana huyu anaambilika.
(2) Kijana huyu hudanganyika upesi.
(3) Habari hii haisadikiki.

Sentensi ya (1) na ya (2) zote zinamhusu mtu anayekubali maneno ya mwenziwe. Hata hivyo, ya kwanza ni sifa na ya pili ni aibu. Mofimu ya kutendeka ni ileile. Kinachotofautiana ni mzizi, yaani tendo la msemaji. Aambiwaye la haki akakubali, anaambilika. Aambiwaye la uongo akakubali, amedanganyika. Kati ya hao yupo anayeshawishika, ambaye hukumu yake hungoja kujulikana alishawishiwa kufanya nini. Methali nazo zinapima pande zote mbili. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" humsifu aambilikaye, ilhali "Akili za kuambiwa changanya na zako" humtahadharisha.

Sentensi ya (3) inaonyesha mpaka wa kauli hii. Kitenzi "sadiki" hakina tabia sawa na "danganya". Kinachosadikika ni habari, wala si msikilizaji wake. Kadhalika mtu anayeaminika si yule aaminiye ovyo, bali ni mtu wa kutegemewa. Ndiyo sababu lugha hulazimika kutumia fungu "mwepesi wa kusadiki" au "mwepesi wa kuamini" pale inapomkusudia msikilizaji. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, aliitumia vyema sifa hiyo ya sarufi katika kuchagua jina la Kusadikika (1951). Jina hilo ni la nchi, yaani la kitu kinachoweza kusadikiwa. Kazi ya kusadiki au kukataa anaachiwa msomaji. Ndani ya hadithi, Karama, aliyeshtakiwa na Waziri Majivuno, anajitetea kwa hoja. Huko ni kushawishi, lakini si kudanganya.

3.0 Majina ya ugeni

Kundi la pili ni la nomino. "Mjinga" leo huchukuliwa kuwa mtu asiye na maarifa au asiye na akili. Katika pwani ya karne ya 19 neno hilo lilikuwa pia na maana mahususi: mtumwa aliyefikishwa karibuni kutoka bara, tofauti na mzalia, aliyezaliwa pwani. Mjinga wa namna hiyo hakukosa akili. Alikosa ujuzi wa lugha na desturi za mahali. "Mshamba" nalo, ambalo kwa asili ni mtu wa shamba, limepita njia iyo hiyo katika vinywa vya watu wa mjini.

Maana hiyo ikikumbukwa, methali "Wajinga ndio waliwao" husikika kwa ukali mpya: anayeliwa huenda ni mgeni tu. Na "Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani" hukiri wazi kwamba ujinga ni hali yenye mwisho.

4.0 Bendera na mkumbo

Kundi la tatu ni la tamathali. Bendera hufuata upepo. Mfuata mkumbo husombwa na wengi. Wote wawili huenda wanaujua ukweli. Walichokosa ni msimamo. Tofauti hiyo huweza kupimwa:

(4) Alikuwa mjinga, sasa ameerevuka.
(5) Alikuwa bendera, sasa ana msimamo.

Sehemu za pili za sentensi hizo zikibadilishana nafasi, mantiki hulegea. Dawa ya mjinga ni maarifa. Dawa ya bendera ni uthabiti.

5.0 Suala la lawama

Kauli ya kutendwa humpa mtendaji nafasi: "amedanganywa na tapeli". Kauli ya kutendeka haimdai. Husema "amedanganyika", na tapeli hutoweka katika sentensi. Hata inaposemwa "ameshawishika na maneno hayo", kinachotajwa ni sababu, na mwenye maneno hubaki nyuma.

Athari yake inaonekana katika mzaha wa kisiasa uliozoeleka Tanzania, unaogeuza "Watanganyika" kuwa "Wadanganyika". Mzaha huo unachekesha, lakini umejengwa juu ya kutendeka. Unawahesabu wananchi kuwa watu wa asili ya kudanganyika, bila kumtaja mdanganyifu. Laiti ungejengwa juu ya kutendwa, swali la kwanza lingekuwa: wamedanganywa na nani?

6.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba Kiswahili hutenganisha mambo matatu: kukubali maneno ya mwingine, kutojua, na kukosa msimamo. Kamusi zinapaswa kuyatenganisha pia. Kidahizo "mjinga" kisifasiliwe kwa "bendera". Maana yake ya kale ya ugeni iingizwe. Na vitenzi "ambilika", "shawishika" na "danganyika" vipewe mifano inayoonyesha tofauti ya hukumu. Kwa mwanafunzi wa isimu, somo ni kwamba mnyambuliko wa kitenzi si suala la umbo peke yake. Kuchagua kati ya -w- na -k- ni kuchagua kama aliyetenda atatajwa au atafichwa.