Kibanga, mji ulioachwa

Reli ipitayo Niemba inaishia Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Kutoka hapo, ukifuata pwani kwa upande wa kaskazini, unakaribia rasi ya Ubwari. Huko, zamani, ulikuwako mji wa wakulima, jina lake Kibanga.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1883 na Mapadri Weupe. Waliuita pia Lavigerieville, kwa heshima ya Kardinali Lavigerie aliyewatuma.

Siku zile wafanya biashara ya watumwa walivuka ziwa mara kwa mara. Walichoma vijiji, wakafunga watu, wakawapeleka Ujiji, na toka Ujiji mpaka bahari. Watoto walikuwa wengi kati yao. Mapadri waliwakomboa wengine kwa vitambaa, wakawaweka Kibanga. Watoto hawa hawakuwa wa kabila moja, na aliyekamatwa angali mdogo sana hakujua tena njia ya kwao. Wakajifunza kulima na kusali. Wakikua walioana, wakapewa nyumba na shamba. Walikuwa huru? Minyororo ilikwisha, ndiyo. Lakini mambo makubwa ya mji yaliamuliwa na mapadri.

Mji ulikuwa na adui wawili. Wa kwanza ni Rumaliza, mkubwa wa biashara ya watumwa pale Ujiji. Wa pili ni ugonjwa, nao hauogopi bunduki. Pwani yenye maji mengi ni nzuri kwa shamba. Ni nzuri kwa mbu vilevile. Watu walikufa kwa homa, na hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye aliyeileta. Jambo hilo lilihakikishwa baadaye tu, na wakati huo Kibanga ilikuwa imekwisha kuachwa.

Mwaka 1893 Padri Victor Roelens alianzisha misioni mpya Kirungu, juu ya milima ya Moba, ikaitwa Baudouinville. Watu wa Kibanga wakahamishiwa huko. Ni mbali: sharti kupita Kalemie, kisha Mpala, ndipo kufika Moba. Waliacha mashamba ya miaka kumi, waliacha na makaburi. Mtu aliyeng'olewa kwao akiwa mtoto, kwa nguvu ya wafanya biashara ya watumwa, aling'oka mara ya pili akiwa mzazi, jembe begani. Huko milimani akaanza kufyeka tena.

Maulizo
1. Kwa nini watoto wa Kibanga hawakuwa wa kabila moja?
2. Kwa nini pwani ilifaa shamba, lakini haikufaa watu?
3. Uliza wazee: je, kwenu kuna kijiji kilichohamishwa? Kwa sababu gani?