Mtoto anabana choo: tumrudishie nepi?

SWALI: Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Kukojoa kwenye poti anaweza, lakini haja kubwa anaibana hadi siku nne. Nimkazanie?

JIBU: Usimkazanie. Mtazame anapobana: anasimama kwa ncha za vidole, anakunja miguu, uso unamwiva, huku amejificha nyuma ya kochi. Wengi hudhani anasukuma, kumbe anazuia. Mara nyingi chanzo ni choo kigumu kilichowahi kumuumiza; akikizuia, utumbo unazidi kunyonya maji yake, kinakauka, na safari inayofuata inauma zaidi. Kwa hiyo tibu ugumu kwanza, poti baadaye. Mpe maji ya kutosha, papai na maharage, ila chakula peke yake huenda kisitoshe. Daktari anaweza kumwandikia dawa ya kulainisha kama laktulosi, tena kwa wiki au miezi. Utaambiwa dawa hiyo hulegeza utumbo. Sivyo: huvuta maji kwenye choo tu, ilhali kinachouchosha utumbo ni kutanuliwa na mzigo uliokaa. Nepi nayo mrudishie akiiomba. Ndiyo, ni kurudi nyuma, lakini choo kilichotoka bila maumivu ni bora kuliko poti safi. Akishakuwa tayari, mkalishe dakika tano baada ya kula, miguu ikikanyaga kigoda. Akichafua chupi kwa choo chepesi, usikimbilie dawa ya kuhara. Huenda kinapenya kando ya kilichoganda. Damu, kutapika au tumbo kuvimba: hospitali siku hiyohiyo.