Tonge Likikwama: Namna ya Kupima Milango ya Umio

Mtu wa Sirisia akilalamika kwamba ugali unamkwama kifuani, mara nyingi huuziwa dawa ya kupunguza asidi, kisha nyingine, na miezi inapita. Hapa kwetu huko ni kucheza na uhai. Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa zimo katika ukanda wa Afrika Mashariki unaojulikana kwa wingi wa saratani ya umio.

Umio una milango miwili ya misuli: wa juu chini ya koo, wa chini pale umio unapoingia tumboni. Yote miwili hukaa imefungwa na kulegea tunapomeza. Kujua ni upi uliogoma huanzia nyumbani, wakati wa kula.

Keti na mgonjwa anapokula. Akipaliwa papo hapo, akikohoa au uji ukimtokea puani, tatizo liko juu, na mara nyingi chanzo ni kiharusi au maradhi ya neva. Akimeza vizuri, kisha baada ya sekunde chache akashika kifua, tatizo liko chini. Akionyesha shingo, usikate shauri haraka, maana kizuizi cha chini huweza kusikika juu. Kisha muulize: ni nini kilichoanza kukwama? Kama ulianza ugali wa wimbi na nyama, ukafuata wali, na sasa hata uji haupiti, basi njia inazidi kuwa nyembamba na uvimbe ufikiriwe kwanza. Kama maji na ugali vilisumbua pamoja tangu mwanzo, shuku misuli yenyewe. Andika majibu hayo pamoja na uzito wa mgonjwa; daktari atayahitaji.

Kwa mlango wa juu lipo jaribio dogo. Weka vidole viwili kwenye kikoromeo cha mgonjwa bila kubonyeza, umwombe ameze mate mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Kila anapomeza, kikoromeo hupanda na kusaidia kuuvuta mlango ufunguke. Isipofika mara 3, mpeleke hospitali. Anayepaliwa usimjaribu kwa maji; yakiingia mapafuni huleta nimonia.

Mlango wa chini haupimiki kwa mkono. Omba rufaa kupitia hospitali ya kaunti ya Bungoma, au Wamalwa Kijana kule Kitale. Kamera ya kutazama ndani ya umio hutangulia, kwa sababu lazima saratani na kovu viondolewe shaka kwanza. Njia ikiwa safi, ndipo unapokuja upimaji wa shinikizo, yaani manometri. Hiki ni kipimo cha hospitali kubwa, basi piga simu uulize kama mashine ipo kabla ya kulipa nauli ya Eldoret au Nairobi.

Utaambiwa ukae saa kadhaa bila kula. Taja dawa zote unazotumia, hasa nifedipine ya presha, metoclopramide ya kichefuchefu na tramadol ya maumivu, kwa kuwa hubadilisha nguvu za misuli. Lakini usiache yoyote bila kuambiwa. Pua hutiwa ganzi, mrija mwembamba wenye vihisio ukapitishwa mpaka tumboni. Ukiwa umelala chali utapewa maji mililita 5, kiasi cha kijiko cha chai, mara 10. Meza mara moja tu, kisha tulia. Ukimeza tena haraka, mkazo wa kwanza hukatizwa na kipimo huharibika. Mrija utakutamanisha kumeza mate. Pumua polepole ustahimili.

Mashine hutafuta sekunde 4 zenye shinikizo dogo kabisa ndani ya sekunde 10 baada ya kumeza. Kikomo hutofautiana, kwa mashine moja inayotumika sana ni milimita 15 za zebaki. Shinikizo likizidi hapo, na umio ukawa hausukumi chakula, huo ni ugonjwa wa akalasia. Unatibika, kwa kupanua mlango kwa puto au kwa upasuaji wa kukata msuli.

Mashine ikikosekana, omba eksirei ya bariamu, picha zipigwe dakika ya 1, ya 2 na ya 5 baada ya kunywa. Dawa ikibaki imesimama juu ya mlango uliobana, daktari ana pa kuanzia.

Anayeshindwa kumeza hata mate, anayetapika damu au anayezidi kukonda asingoje kliniki ya wiki ijayo. Mpelekeni hospitali leo.