Msitu wa Mau na Savana ya Nakuru: Gharama ya Maendeleo katika Bonde la Ufa la Kati

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii inaafiki hali ya Bonde la Ufa la kati, ambako msitu na savana vimezalisha mali kwa zaidi ya karne moja, ilhali hasara iliyoambatana nayo ilichelewa kuhesabiwa. Makala haya yanaeleza jinsi hasara hiyo ilivyotokea na ni nani walioibeba.

Savana

Savana ni uwanda wa nyasi wenye miti iliyotawanyika. Uwanda wa Nakuru na Naivasha ulikuwa malisho ya Wamaasai. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mkataba wa 1904 ukawahamishia Wamaasai Laikipia ili kuwapisha walowezi. Miongoni mwa walowezi hao alikuwa Lord Delamere, aliyeanzisha shamba Njoro. Malisho yakageuka mashamba ya ngano na mifugo, na kituo cha reli kikakua hadi kupewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Wanyamapori nao walibakishiwa vipande tu vya uwanda huo. Mojawapo ni Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, ambayo imezungushiwa ua, hivyo wanyama hawawezi kuhama kufuata malisho.

Msitu

Mau si msitu wa mvua wa nyanda za chini kama ule wa Kongo, bali ni msitu wa milimani wenye ukubwa wa takriban hekta 400,000. Udongo wake, uliofunikwa na majani yaliyooza, hunyonya mvua na kuyaachilia maji polepole. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 katika hifadhi hiyo ili kuwapa watu makazi na mashamba. Miti ikatoweka, mvua ikawa inateremka kwa kasi pamoja na udongo, na wakati wa kiangazi mito kama Njoro ikapungua au kukauka.

Ziwa

Katika miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilikaribia kukauka. Tangu 2010 limefurika, likameza lango kuu la mbuga na makazi yaliyo kando yake. Wataalamu wanataja ongezeko la mvua kuwa sababu kuu, huku mmomonyoko wa udongo ukichangia. Maji yalipopungua chumvi, miani inayoliwa na heroe ilipungua pia, na ndege hao wengi wakahamia Ziwa Bogoria.

Watu

Waogiek, wenyeji wa Mau, walifurushwa mara kadhaa kwa madai ya kuhifadhi msitu. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki zao, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Kwa upande mwingine, wakulima waliopewa ardhi na serikali iliyopita walijikuta wakiitwa wavamizi na serikali iliyofuata.

Hitimisho

Neno maendeleo hutokana na kitenzi endelea. Mavuno ya misimu michache yanayokausha mto hayawezi kuendelea, na uhifadhi unaomfukuza mwenyeji hauna wa kuuendeleza. Daftari la Bonde la Ufa halina budi kuandika pande zote mbili: kilichovunwa na kilichopotea, pamoja na jina la aliyepoteza.