Ufunguo Akae Nao Nani?

Tabora mjini yako Makazi ya Wazee Ipuli, yanayoendeshwa na serikali kama yalivyo ya Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi mkoani Mwanza na Nunge, Dar es Salaam. Wanaoishi katika makazi ya namna hii wengi wao hawana ndugu wa kuwatunza. Haya ni maswali ambayo wahudumu na watoto wa wazee huuliza mara kwa mara kuhusu vitu vya mzee: nani avitunze, wapi, na kwa idhini ya nani.

Mzee anafika na fuko moja la nguo na fimbo. Hapo kuna mali gani ya kuulizia?

Angalia kwanza alikotoka. Katika mikoa hii ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa wapo bibi waliokimbia vijiji vyao kwa sababu macho yao, yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, yaliwafanya waitwe wachawi. Mtu aliyetoka kwake namna hiyo amebeba kile tu alichowahi kukiokoa. Khanga iliyochanika inaweza kuwa ya binti yake marehemu. Kigoda kile kinaweza kuwa kitu pekee kilichobaki cha mumewe. Ibara ya 24 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali na haki ya hifadhi kwa mali yake, na haikusema mali huanzia shilingi ngapi.

Nina ombi moja kwa wahudumu. Mkikuta kibuyu kidogo au dawa za miti shamba ndani ya furushi la bibi, msilifungue mbele ya watu wala msianze minong'ono. Mnaweza kumrudisha palepale alipopakimbia. Kama mna wasiwasi kuhusu dawa, mwulizeni mwenyewe kwa faragha.

Sisi hukusanya vitu vyote vya thamani na kuvifungia ofisini. Je, huo si usalama?

Ni usalama wa vitu. Mwenye vitu anaweza kuwa amebaki na hofu ileile. Mzee ambaye kitambulisho chake cha NIDA, kadi ya matibabu na akiba yake ndogo viko kwenye droo ya Afisa Mfawidhi, kila akivihitaji lazima aombe. Siku mwenye ufunguo amekwenda Nzega mazishini, mzee anasubiri.

Njia ya misafara iliyopita Tabora kwenda Ujiji ina kisa cha kufundisha. Oktoba 1871 mmisionari Mskoti David Livingstone alirudi Ujiji kutoka Manyema, mgonjwa na amechoka, akitegemea bidhaa zake zilizokuwa mikononi mwa mtu aitwaye Sherif. Akakuta zimeuzwa. Sherif alikuwa ameamua kwamba mwenye mali amekwisha kufa. Ofisi zetu hazina nia mbaya, lakini hatari ni ileile: anayeshika vitu vya mtu dhaifu huanza taratibu kuamua kwa niaba yake, kana kwamba mwenyewe hayupo.

Sisemi ofisi zisitunze chochote. Wapo wazee wanaopenda hela ikae ofisini, na hao wasikilizwe. Mzee achague mwenyewe, kitu kwa kitu.

Lakini tukimwuliza anajibu, "Yote sawa tu, mwanangu." Tuulizeje?

Hapa ndipo kazi ilipo. Mzee aliyelelewa kwa adabu za kwetu hawezi kumwambia anayempa chakula kwamba hamwamini na ufunguo. Jibu la kwanza ni heshima. Msiliandike bado.

Marekani, tangu Oktoba 2010, fomu ya tathmini inayotumika katika nyumba za wazee ina maswali mawili yaliyotenganishwa: ni muhimu kiasi gani kwako kutunza vitu vyako mwenyewe, na ni muhimu kiasi gani kuwa na mahali pa kuvifungia? Walitenganisha kwa sababu nzuri. Yuko mtu anayetaka kukunja nguo zake mwenyewe lakini hajali kufuli, na yuko anayefuliwa na kukunjiwa kila kitu lakini halali bila ufunguo shingoni. Majibu huanzia "muhimu sana" hadi "si muhimu kabisa", kisha kuna la tano: ni muhimu, lakini siwezi, au sina nafasi ya kuchagua. Jibu hilo la tano ndilo ningependa makazi yetu yote yawe nalo. Mzee anayenyamaza kwa sababu hakuna kabati la kufungwa mara nyingi huandikwa kwamba hana shida, kumbe ameshakata tamaa.

Fomu peke yake haitoshi. Nenda jioni, toa shikamoo, kaa, zungumzeni mengine kwanza. Mwulize akiwa peke yake, maana mbele ya wenzake wa chumbani hatakubali kuonekana anawashuku. Anza na kitu badala ya maoni: "Bibi, usiku ukizinduka unapapasa nini kwanza?" "Babu, kipi kikipotea hutalala?" Kama anajieleza vizuri zaidi kwa Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha, tafuta mkalimani, na mkalimani huyo asiwe ndiye mwenye funguo. Urudie baada ya wiki chache, maana mgeni wa siku ya kwanza huogopa.

Bibi mmoja anasema kila siku ameibiwa. Ni usahaulifu wa uzee?

Huenda. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu humfanya mtu afiche kitu, asahau alipokificha, kisha aamini kimeibwa. Usibishane naye. Tafuteni pamoja, ukianzia chini ya mto, ndani ya viatu na kwenye pindo la khanga. Lakini usahaulifu usiwe kisingizio. Mtu mwenye ugonjwa huo anaweza pia kuibiwa kweli, na ni rahisi zaidi kumwibia kwa sababu hakuna anayemsadiki. Kila lalamiko liandikwe, na atakayelichunguza asiwe yule anayehudumu chumbani humo.

Na simu? Wazee wengi hutupa namba ya siri tuwatolee pesa.

Msiipokee. Msindikize kwa wakala, au umlete wakala, na mzee abonyeze mwenyewe. Kama haoni vizuri, awepo shahidi wa pili aliyemchagua yeye.

Kufuli gani linafaa?

Sanduku la bati na kufuli la kawaida vinatosha. Epukeni kufuli dogo mno kwa vidole vyenye baridi yabisi, na lile la tarakimu kwa asiyeona vizuri. Ufunguo wa pili uwekwe katika bahasha iliyosainiwa, ifunguliwe tu mbele ya mzee au kwa dharura iliyoandikwa.

Mimi ni mtoto wake. Nimechukua vitu vya mama nivitunze nyumbani.

Ulimwuliza? Kama hukumwuliza, virudishe, kisha umwulize.

Mzee akifariki tufanyeje?

Waliokuwa na Livingstone alipokufa kwa Chitambo, mwanzoni mwa Mei 1873, walionyesha njia. Watumishi wake Susi na Chuma waliwaita wenzao wote, masanduku yakafunguliwa mbele ya mashahidi, na Jacob Wainwright akaorodhesha kila kilichomo. Walipofika na mwili wake Kwihara, nje ya Tabora, Oktoba mwaka huo, Mwingereza Luteni Cameron alichukua vyombo vya upimaji vya marehemu licha ya pingamizi lao. Nani alikuwa na haki, mimi sina shaka: ni wale waliotunza amana. Fanyeni kama wao, ila orodha ianze mzee akiwa hai, naye aseme kipi kiende kwa nani na kipi azikwe nacho.

Hatuna bajeti. Tuanzie wapi?

Kuuliza hakuna gharama. Daftari moja linatosha: jina la mzee, vitu anavyovitaja mwenyewe, anataka vikae wapi, ufunguo akae nao nani, na tarehe ya kumwuliza tena. Wenye uwezo mnaokwenda kutembelea wazee kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, na sabuni na sukari, safari hii ongezeni masanduku na makufuli, na ufunguo mkabidhini mzee mkononi.