Je, Ukali wa Adhabu Ndio Uzuiao Wizi?

Katika darasa letu la baada ya Magharibi, ndugu mmoja mwenye duka, ambaye duka lake limevunjwa mara mbili katika mwaka mmoja, alitutaka tumjibu suala hili: lau mikono ya wezi ingelikatwa hapa kwetu kama ilivyoamrishwa katika Qurani, je, tusingelilala milango wazi? Wengi waliohudhuria walitikisa vichwa kumkubalia. Wala hatuwalaumu. Mtu aliyeamka akakuta kufuli imevunjwa, na mali iliyokuwa amana ya watu imekwenda, hana subira ya kusomewa vitabu, ataka dawa. Na vijana wenye mapanga waliowatisha watu wa Kisauni na Likoni si khabari ya kusimuliwa. Wamo kati yetu wenye makovu yao mwilini.

Walakini jawabu la "ndiyo", ambalo wengi hulitoa kwa haraka, silo jawabu la ilimu, na ndani yake mna hatari mbili: moja kwa dini, na ya pili kwa damu za watu. Ndiyo sababu tumeona tuliandike hapa kwa urefu zaidi ya tulivyolijibu siku ile.

Kwanza ijulikane ya kuwa hatubishani juu ya hadi yenyewe. Hukumu ya kukatwa mkono wa mwizi imo katika Sura ya Al-Maida, aya ya 38, wala Muislamu hana ruhusa ya kuikanusha. Na maulamaa wamesema wazi kuwa hadi ni za kukanya. Imamu Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra, katika kitabu chake cha hukumu za utawala amezieleza kuwa ni makatazo aliyoyaweka Mwenyezi Mungu ili watu wazuilike na yaliyoharimishwa. Basi kukanya kumo. Suala ni hili: je, hukanya kwa ukali wake peke yake, popote pale, na kwa mkono wa mtu yeyote? Hapo ndipo miguu inapoteleza.

Tazama masharti waliyoyaweka mafakihi. Mwizi hakatwi mpaka alichokiiba kifikie nisabu, nayo katika madhehebu yetu ya Shafi ni robo ya dinari, yaani gramu moja ya dhahabu na kidogo juu yake. Na Mahanafi wameipandisha hata dirhamu kumi. Ni lazima kitu kiwe kimetolewa katika hirzi, yaani mahali panapohifadhiwa mfano wake. Aliyeichukua simu iliyosahauliwa juu ya baraza ametenda dhambi, lakini si mwizi wa kukatwa. Ni lazima wapatikane mashahidi wawili waadilifu walioona kwa macho yao, au mtu akiri mwenyewe. Na akirudi katika kukiri kwake, hadi humwondokea ijapokuwa mali ataidaiwa. Baba hakatwi kwa mali ya mwanawe, wala mshirika kwa mali ya shirika, wala mwenye njaa iliyomfikisha katika dharura. Na kanuni yao mashuhuri ni kuwa hadi huondoshwa kwa shub-ha. Hadi ikiisha kuondoka, kadhi anaweza kumtia mtu adabu kwa taazir kwa kadiri aonavyo maslaha.

Basi mwenye akili na ajiulize: lau makusudio ya sharia yangelikuwa ni kukata mikono mingi ili watu waogope, mbona imeifungulia milango mingi hivi ya kutokea?

Tena tumtazame Seyyidna Omar R.A., ambaye hakuna awezaye kumsingizia ulegevu. Mwaka wa 18 wa Hijra, Bara Arabu ilipopatwa na njaa kuu, mwaka uitwao wa Ramada, hakuwakata wezi mikono. Na Imamu Malik amepokea katika Muwatta kisa cha watumwa wa Hatib bin Abi Baltaa, walioiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzaina wakamchinja. Omar aliamuru kwanza wakatwe. Kisha akageuka kumwelekea bwana wao, akamwambia kuwa anamwona anawaweka na njaa, na akaapa kuwa atamtoza gharama itakayomuuma. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake. Akajibu kuwa alikataa kumuuza kwa dirhamu mia nne. Omar akamwamuru Hatib alipe mia nane.

Zingatieni kisa hiki, ndugu zangu. Adhabu ilihama katika mkono wa mwenye njaa, ikaenda katika mfuko wa aliyemtia njaa. Nami sikuona mtu yeyote darasani aliyeuliza ni nini hukumu ya tajiri anayemfanyisha kibarua kazi miezi miwili bila ya kumlipa, kisha akalia kuwa saruji yake inaibwa.

Pengine muulizaji atasema: hayo ni ya zama zilizopita, tuonyeshe mahali palipojaribiwa katika zama zetu. Mahali hapo papo, napo ni kaskazini ya Nigeria, nchi ya Waislamu wa madhehebu ya Maliki, watu wa ilimu tangu karne nyingi.

Mwezi wa Oktoba 1999, katika mji wa Gusau, Gavana Ahmad Sani Yerima wa jimbo la Zamfara alitangaza kuwa sharia itahukumu hata katika makosa ya jinai. Ikaanza kutumika Januari 2000, na majimbo mengine kumi na moja yakamfuata. Watu walijaa uwanjani kwa furaha, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Walikuwa wamechoka na mahakama yasiyokwisha kesi na polisi wasiokwenda ila kwa rushwa. Mwezi wa Machi 2000 mtu mmoja wa Jangebe akakatwa mkono wa kulia katika mji wa Talata Mafara kwa kuiba ng'ombe. Mwaka uliofuata akakatwa mwingine kwa kuiba baisikeli. Khabari zikaenea dunia nzima. Ikiwa ukali ndio ukanyao, basi tangu siku ile Zamfara ilistahiki kuwa mahali pa mwisho katika Afrika kuibwa ng'ombe.

Walakini miaka kumi na tano haikutimia ila jimbo lile lile lilikuwa limekwisha kuwa makao ya majambazi wapandao pikipiki, wakiswaga makundi kwa makundi ya ng'ombe, wakichoma vijiji na kuwashika watu kwa fidia. Mwezi wa Disemba 2020, katika jimbo jirani la Katsina, nalo ni jimbo la sharia, walichukuliwa wavulana zaidi ya 300 katika skuli ya Kankara. Na usiku wa kuamkia tarehe 26 Februari 2021 majambazi waliingia katika skuli ya wasichana ya Zamfara wakawachukua wanafunzi 279, wakakaa nao porini siku kadhaa kabla ya kuwaachilia. Skuli hiyo iko wapi? Iko Jangebe, Jangebe ile ile ya mtu aliyekatwa mkono kwa ng'ombe mmoja.

Hatusemi kuwa sharia ndiyo iliyoleta majambazi. Huo ni uzushi wa wasioitakia kheri dini yetu. Yaliyoleta yanajulikana: ugomvi wa malisho na mashamba baina ya wafugaji Wafulani na wakulima Wahausa, bunduki zilizotapakaa baada ya kuanguka kwa serikali ya Libya mwaka 2011, dhahabu ichimbwayo bila ya usimamizi, misitu mikubwa na askari wachache. Na jambo moja zaidi ambalo nawaomba mulishike, kwani nitalirudia: wanakijiji walijiundia makundi ya walinzi, yaitwayo 'Yan Sakai, yakawa yanawaua Wafulani kwa tuhuma tu, sokoni na njiani, bila ya kadhi wala shahidi. Wana na ndugu za waliouawa wakaingia porini kutaka kisasi. Walinzi waliotaka kumaliza wezi wakazaa jeshi la wezi.

Kisha lipo lililokuwa zito zaidi mbele ya dini. Mwaka 2016, na tena mwaka 2019, wakubwa wa jimbo walifanya sulhu na majambazi hao na kuwaahidi msamaha. Naam, aya ya 34 ya Al-Maida imewafungulia mlango wa toba waporaji wa njiani kabla hawajatiwa mkononi. Walakini toba ni kuweka silaha na kurudisha mali za watu, wala si kupumzika msimu mmoja kisha mtu akarudi porini. Basi mwenye ng'ombe mmoja alipelekewa kisu, na wenye makundi na bunduki wakapelekewa wajumbe. Hapa ndipo tunapomkumbuka Bwana Mtume S.A.W. katika kisa cha mwanamke wa kabila la Makhzum aliyeiba, jamaa zake wakamtuma Usama bin Zaid aende kumwombea. Mtume alighadhibika, akawajulisha watu kuwa kilichowaangamiza waliotangulia ni kumwacha mtukufu akiiba na kumpa adhabu mnyonge, na akaapa kuwa hata angelikuwa ni Fatima binti yake angelimkata. Watu huikariri hadithi hii ili kuonyesha ukali wa hukumu. Mimi naiona imekuja kwa ajili ya usawa wa hukumu, na ukali ukafuata nyuma.

Mwenzetu mwingine alituletea hoja ya Saudia. Wazee wetu waliohiji walitusimulia jinsi misafara ilivyokuwa ikiporwa na mabedui baina ya Makka na Madina, na jinsi njia zilivyotulia baada ya Mfalme Abdulaziz kuitwaa Makka mwaka 1924 na Jiddah mwaka uliofuata. Hoja hii ina ukweli ndani yake, wala si haki kuipuuza. Lakini Abdulaziz hakutuliza njia kwa upanga wa mnyongaji peke yake. Aliyatwika makabila dhamana ya njia zipitazo katika ardhi yao, aliwakalisha mabedui katika vijiji, aliwapa ruzuku wakubwa wao, na aliyepora alijua kuwa atafuatwa hata apatikane. Ile yakini ya kupatikana ndiyo iliyofanya kazi. Mahali yakini hiyo ilipokosekana, katika nchi ile ile, ukali haukutosha: mwaka 1987 maulamaa wakuu wa Saudia walikata shauri kuwa wenye kuingiza dawa za kulevya wauawe, na Agosti 2022, baada ya miaka 35, zilikamatwa mjini Riyadh tembe karibu milioni 47 zilizofichwa katika shehena ya unga. Mwenye shehena ile hakuwa hajui hukumu. Alidhani tu kuwa hatapatikana, au kuwa atakayepatikana ni mchukuzi maskini na si yeye.

Na hapa kwetu Kenya, je? Kadhi wetu hana mamlaka ila katika ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo. Lakini sheria ya serikali imeweka hukumu ya kifo kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, na adhabu gani iliyo kali kuliko hiyo? Kufikia mwaka 2009 walikuwa gerezani watu zaidi ya 4,000 waliohukumiwa kufa, Rais Kibaki akawabadilishia kuwa kifungo cha maisha. Mapanga hayakushuka chini kwa hukumu hiyo. Muulizeni kijana wa panga anachokiogopa, hatawatajia kitanzi. Atawatajia askari asiyehongeka, kama amjua mmoja.

Sasa narejea katika lile nililowaomba mulishike. Siku chache baada ya darasa lile, kijana mmoja alishikwa sokoni na simu isiyokuwa yake. Kabla sijafika nilipoambiwa, alikuwa amekwisha kupigwa kwa mawe na mbao, na uso wake hautambulikani. Alihai, walakini sikumdhania kuwa ataishi. Nilipowauliza watu ni nani aliyewapa idhini, mmoja wao, naye ni mtu wa safu ya mbele msikitini, alinijibu: "Sheikh, hapa hakuna sharia, basi sharia ni sisi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Mwizi wa simu, hata yakitimia masharti yote tuliyoyataja, hukumu yake ni mkono, wala si roho. Na ataitekeleza mtawala baada ya kadhi kusikiliza, wala si wapita njia. Aliyempiga kwa jiwe la kichwa amezidisha juu ya hukumu ya Mwenyezi Mungu, kisha akaiita sharia. Nacho kiasi kilichoibwa hakikuulizwa, wala mashahidi hawakusikilizwa, wala hakuna aliyemuuliza kijana yule mara ya mwisho alikula lini.

Mtu yule aliniuliza kwa kejeli: mimi nilipiga mara moja tu, na waliopiga ni wengi, basi damu ni ya nani? Jawabu lake limo katika hukumu ya Seyyidna Omar vile vile. Mtu mmoja aliuawa kwa hila na kundi la watu, watano au saba. Omar akawatoza kisasi wote kwa yule mmoja, na akasema kuwa lau watu wote wa Sanaa wangelishirikiana katika kumuua, angeliwaua wote. Jumhuri ya maulamaa wamekwenda na hukumu hiyo, na madhehebu yetu ya Shafi ni katika wao: waliokubaliana kumpiga mtu mpaka akafa, wingi wao hauwagawii dhambi wala hauwapunguzii dhima, na walii wa kijana ana haki juu ya kila mmoja wao.

Suala la pili la muulizaji, la mwizi aliyetubia na bado ana mali ya watu asiowajua, tutalijibu katika toleo lijalo inshallah.