Dondoo Muhimu: Huduma ya Bure Isiyo na Masharti

Kabla hujaikabidhi nakala ya kitambulisho chako kwa tovuti ya bure ya kupunguza ukubwa wa faili, ambayo haikubainisha waziwazi masharti wala sera yake ya faragha, tafadhali zingatia haya:

1. Teremka hadi chini kabisa ya ukurasa uitafute sera hiyo; kiungo kisichofunguka ni sawa na kutokuwapo.
2. Usighurike na alama ya kufuli kwenye kivinjari, kwani huthibitisha usalama wa njia tu, wala si uaminifu wa mwenyeji asiyetaja jina, anwani, wala muda wa kuhifadhi amana yako.
3. Hati za benki na vyeti vya hospitali, abadan usipandishe. Tumia programu iliyomo kompyutani mwako.
4. Usirudie nywila ya baruapepe yako kwenye tovuti hiyo.
5. Ukidhulumiwa Tanzania, shtaki kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya 2022.